Wazee wa Bao Hawaulizi Kabila

Hivi kwa nini wacheza bao hawana nongwa na mgeni? Swali hili ninalo tangu nihamie huku Bunju, na kwa kuwa kuuliza ndiyo kazi inayonilipa kodi, nimelifuatilia kijiweni na vitabuni. Leo naomba tuzungumze historia kidogo, siasa tuipumzishe (ingawa kama mtakavyoona, siasa nayo haikubali kupumzishwa).

Kwa asiyepajua, Bunju ni ile unayoifikia baada ya Tegeta na Boko ukifuata barabara ya Bagamoyo. Ukizidi kidogo uko Mapinga na Dar umeshaiaga. Watu wa huku karibu wote tumetoka kwingine. Wapo waliouza nyumba za urithi katikati ya jiji wakaja kujenga, wapo wapangaji kama mimi tuliofuata kodi nafuu, na jirani hapo Mabwepande wapo waliohamishwa kutoka mabondeni mwanzoni mwa 2012, baada ya mafuriko ya Desemba 2011. Nyumba nyingi zina ukuta na geti. Jirani yangu wa kushoto nilikaa miezi minne namfahamu kwa honi ya gari lake tu.

Mtu wa kwanza kunikaribisha mtaani alikuwa mzee mmoja wa bao, chini ya mwembe karibu na maegesho ya bodaboda. Nilikuwa nimesimama pembeni najifanya nasoma meseji. Hakuinua macho. Alisogea kwenye benchi, akapigapiga nafasi iliyobaki. "Kaa mwanangu, bao haliangaliwi kwa kusimama." Basi. Hakuuliza natoka wapi wala kabila gani, wakati mwenye nyumba wangu hilo la kabila lilikuwa swali lake la pili, baada ya mshahara.

Kwa wenzangu mliokulia kwenye PlayStation, bao liko hivi: safu nne za mashimo manane manane, jumla 32, na kete 64, kila mchezaji 32. Kete ni komwe, mbegu ngumu za mmea wa miiba unaoota pwani. Kwenye bao la Kiswahili unaanza na kete 10 tu ubaoni: sita ndani ya nyumba, na mbili mbili kwenye mashimo mawili yanayoifuata. Zile 22 zinabaki mkononi, unazinamua moja moja. Zikiisha mnaingia mtaji. Safu yako ya mbele ikikauka, umefungwa, mpishe mwingine. Kueleza ni rahisi, lakini zamu moja inaweza kuzunguka na kuzunguka tena kabla kete haijalala, na mchezaji mzuri anaijua itakapolala kabla hajaigusa.

Hilo ndilo lililomleta Unguja Mholanzi mmoja, Alexander de Voogt, miaka ya mwanzo ya 1990. Alitaka kujua mabingwa wa bao wanahesabu vipi vichwani mwao. Utafiti wake ulitoka mwaka 1995, unaitwa Limits of the Mind. Mimi kilichonivutia ni kwamba kazi ile isingewezekana kama mabingwa wasingekubali kukaa naye kucheza na kuelezana, siku baada ya siku. Bao hujifunzi kwa kukaririshwa kanuni. Unajifunza kwa kukaa barazani, unafungwa, unasimama, unaangalia waliokufunga nao wanavyofungwa. Kwa hiyo baraza likifukuza wageni litabaki na wachezaji wale wale, ambao kila mmoja ameshamaliza ujanja wa mwenzake. Mgeni ni chakula kipya! Nilipomwambia hivyo mzee alicheka sana, akasema mimi bado ni chakula kweli.

Halafu kuna hili la umiliki. Kule Hyrax Hill, Nakuru, kuna mashimo ya mchezo wa jamii hii yaliyochongwa kwenye mwamba, na hakuna kabila linaloweza kusimama hapo likasema ni letu peke yetu. Waganda wana omweso, Wanyarwanda igisoro, Malawi wanaita bawo. Kanuni zinatofautiana, lakini ubao ni ule ule wa safu nne za manane na kete 64. Mtu akitoka Kigali akakaa pale mwembeni atakosea kanuni, mkono wake hautakosea njia.

Sasa siasa. Wakubwa wetu hawajawahi kuelewana vizuri na watu wanaoonekana wamekaa tu. Azimio la Arusha la 1967 liliwasema wazi wanaume wa vijijini kwamba nguvu zao zinapotea kwenye maneno, ngoma na pombe. Bao halikutajwa, nadhani kwa sababu nzuri: Mwalimu mwenyewe alikuwa mcheza bao, na picha zake akiwa ameinamia ubao zimezagaa mpaka leo. Lakini mwaka 1983 ikaja Sheria ya Nguvu Kazi, na asiye na kazi ya kueleweka hapa Dar alikamatwa na kupelekwa shamba. Mzee wangu alikuwa kijana wakati huo. Anasema walihamishia bao uani kwa mtu, wakawa wanacheza bila kutambiana kwa sauti. Bao bila kutambiana, jamani, si ni sawa na chai bila sukari?

Nisije nikaonekana nimewapaka wazee asali. Ukarimu huu unaweza kuvunjika. Zanzibar kati ya 1957 na 1964, zama ambazo wenyewe wanaziita za siasa, watu walisusiana mpaka maduka na mazishi, na baraza nazo zikagawanyika, hii ya Hizbu na ile ya Afro-Shirazi. Juni 1961 vurugu za uchaguzi ziliua watu 68. Watu waliokuwa wakipokezana kahawa kwenye benchi moja la mawe walijikuta hawaamkiani. Ndiyo maana kijiwe chetu kina sheria moja tu iliyoandikwa kwa chaki kwenye shina la mwembe: vyama vyenu acheni nyumbani. (Simba na Yanga ruksa.)

Na wanawake? Hawapo. Binti anayeuza maandazi hapo anajua bao kuliko mimi, anaona mtego kabla yangu, ila anauona akiwa amesimama. Nimelisema hili mara mbili. Wazee wamenijibu kwa kucheka, na mimi sijaridhika.

Pamoja na hayo, mwaka jana malaria ilinilaza chumbani. Siku ya nne geti likagongwa: wazee wawili na dereva wa bodaboda, wana madafu na chupa ya uji. Walikuwa wamehesabu siku ambazo sijafika. Walinipeleka zahanati, wakakaa kwenye foleni na mimi, na nauli wakakataa. Jina langu la pili hawakuwa wanalijua, muuguzi alipouliza ilibidi nitaje mwenyewe kwa shida.

Nilipopona nikamuuliza mzee hili swali langu. Akanirudisha Desemba 2011. Yeye ni wa Jangwani. Maji yalichukua kitanda, godoro, cherehani ya mkewe. Bao lilielea, akalikuta siku ya pili limenasa kwenye nguzo ya umeme, kete zote zimekwenda. Mwezi uliofuata wakapelekwa Mabwepande, wakagawiwa mahema, pori kila upande, na hema la jirani lina watu asiowajua kabisa. Asubuhi ya kwanza aliliweka bao mbele ya hema lake, akaokota changarawe 64. Anasema alikaa upande mmoja, upande wa pili akauacha wazi, akawa anangoja. Wa kwanza kukaa alikuwa Mmakonde ambaye kanuni zake zilikuwa tofauti kidogo, wakabishana mpaka adhuhuri.

Jioni ile ile mke wa yule Mmakonde ndiye aliyewaazima sufuria.