Mekatilili Hakusimama

Wadau, kazi za matangazo zilishaanza kunitia kutu mikononi. Basi nikaunda animesheni ya sekunde 12 ya mtu ninayemshabikia kinoma: Mekatilili wa Menza.

Sanamu yake hapa Malindi imetulia tu. Lakini 1913 aliwaamsha Wagiriama dhidi ya Waingereza kwa kifudu, ngoma ya matanga, akizunguka kijiji hadi kijiji. Wakamkamata, wakampeleka Kisii. Akatoroka, akarudi Pwani kwa miguu, zaidi ya kilomita 600!

Huyo utamweleza vipi kwa picha moja? Ndio maana nilianza kuchora miguu, uso baadaye.

Kama nyanyako anajua kifudu, muombe akuonyeshe, umrekodi. Tarehe tunazo vitabuni. Hatua zenyewe wanazo wazee wetu.