Mshauri wa Nani? Pori, Pamba na Makaratasi Kusini mwa Maniema

Sidney Hinde, daktari aliyeingia Kasongo, mashariki mwa Kongo, mwezi Aprili 1893 pamoja na jeshi la Dola Huru ya Kongo lililoongozwa na Dhanis, aliandika baadaye kwamba mji ule ulikaa pembezoni mwa msitu mkubwa, na kwamba kwa maili nyingi kuuzunguka miti mingi ilikuwa imekwisha kuangushwa ili kupisha miwa, mahindi na mpunga. Shamba moja tu la mpunga, asema, lilimchukua saa moja na nusu kulivuka. Maneno hayo ni ya mtu aliyekuja kuwapiga watu wa Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe na watumwa, na mwanawe Sefu, hivyo hakuwa na haja ya kuwapamba. Yanatuonyesha jambo ambalo wanaolieleza pori la Maniema kama msitu usioguswa hulisahau: huku kusini, Kasongo na Kabambare, msitu mnene unapokutana na mbuga, pori ni shamba lililopumzishwa. Ukoo hufyeka, hupanda mpunga, mahindi na mihogo, kisha huliacha. Kwanza huja mti wa shina laini wenye majani mapana kama mwavuli, ule ambao wataalamu huuita Musanga. Unaishi kiasi cha miaka 20, na chini ya kivuli chake miti mizito huanza kupanda. Mkulima anayetazama Musanga iliyozeeka anasoma umri wa udongo wake. Michikichi iliyosimama katikati ya miti hiyo humwambia jingine: hapa palikuwa na kijiji au shamba, na wazee fulani ndio waliopafungua.

Kwa jicho la sheria ya wageni, michikichi hiyo haikusema kitu. Amri ya Dola Huru ya Kongo, dola ya mfalme Leopold, ya tarehe 1 Julai 1885 ilitangaza kwamba ardhi tupu ni mali ya dola, na amri ya mwaka 1906 iliwaachia wenyeji ardhi waliyoikalia na kuilima. Shamba lililopumzika, je, limekaliwa au ni tupu? Kwa karani wa dola ni tupu. Kwa mwenye pori ni akiba ya wajukuu. Hoja yangu ni kwamba kila huduma ya ushauri iliyokuja baadaye katika nchi hii ilirithi jibu la karani. Shida ya wenye pori wa Kasongo na Kabambare haikuwa kukosa wataalamu. Wataalamu walikuja, lakini hakuna hata mmoja aliyekuwa wao.

Tuitazame pamba. Maniema ilikuwa miongoni mwa sehemu za kwanza za Kongo kulimishwa pamba, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, chini ya uongozi wa Edmond Leplae, mkuu wa kilimo wa koloni. Sheria ya Februari 1917 iliruhusu watu walazimishwe kilimo hadi siku 60 kwa mwaka. Mwaka 1942, kwa ajili ya vita, siku zikafika 120. Mwaka 1920 ikaundwa Cotonco, kampuni ya kununua na kuchambua pamba. Hapo ndipo mwanakijiji alipomjua mshauri wa kilimo kwa mara ya kwanza: monitera, mwenye kamba ya kupimia na daftari, akionyesha wapi pafyekwe, lini papandwe, mistari iachane kiasi gani. Mengi aliyoyasema kuhusu mbegu yalikuwa sahihi. Lakini aliyekaidi alingojwa na faini, jela au kiboko, na daftari lilijibu kwa msimamizi wa teritwari na kwa kampuni. Ushauri usioweza kukataliwa ni amri, hata ukiwa na hekima ndani yake.

Kuna pingamizi zito hapa, na halifai kupitwa kwa haraka. Wataalamu wa INEAC, taasisi ya utafiti wa kilimo iliyoundwa mwaka 1933 yenye makao Yangambi, waliona kwamba kilimo cha lazima kinachosha udongo, wakabuni utaratibu wa vichochoro: pori linakatwa vipande virefu vya upana wa mita 100, kutoka mashariki kwenda magharibi, kimoja kinalimwa na cha jirani kinaachwa, ili miti irudi. Mpango wa Miaka Kumi, 1949 hadi 1959, ukaueneza utaratibu huo katika sehemu nyingi za koloni kwa jina la paysannat. Je, huu haukuwa mpango halisi wa kutunza msitu, wenye nafasi kwa kila familia? Ulikuwa, na akili yake ilikuwa nzuri; sehemu kubwa ya akili hiyo, hata hivyo, ilikuwa ni ile ya mkulima mwenyewe ya kupumzisha, iliyonyooshwa kwa rula. Aliyepotea katika kunyoosha ni mwenye pori. Kipande kiligawiwa kwa kufuata mstari wala si kwa kufuata michikichi ya babu, na familia ikajikuta ikilima udongo wa ukoo mwingine huku wake ukisubiri zamu ya mtu asiyejulikana. Baada ya uhuru wa mwaka 1960 mistari ilifutika upesi. Wengine hulaumu fujo za miaka ile, na fujo zilikuwepo kweli. Lakini kupumzisha mashamba kwa ukoo kuliendelea katikati ya fujo hizo hizo.

Jamhuri haikulibadilisha jibu la karani. Sheria ya Bakajika ya 1966 na sheria ya ardhi ya 1973 ziliithibitisha dola kuwa mwenye ardhi; kifungu cha 389 cha hiyo ya pili kiliahidi agizo la rais kuhusu ardhi za jamii, na agizo hilo halikutoka. Kanuni ya misitu ya tarehe 29 Agosti 2002 nayo ikasema msitu ni mali ya dola, ila kifungu cha 22 kikafungua mlango: jamii inaweza kupewa pori inalolishika kwa desturi. Mlango ulikaa miaka 12 bila bawaba, hadi amri ya Agosti 2014 iliyoweka kikomo cha hekta 50,000, zitolewe bure na kwa muda usio na mwisho. Mwaka 2016 wizara ikaeleza vyombo vinne: mkutano wa jamii, kamati ya uendeshaji, kamati ya usimamizi na baraza la wazee, pamoja na mpango mwepesi wa matumizi. Mwepesi kwa jina: unadai ramani na hesabu ya miti, na anayejua kuzifanya kwa kawaida hulipwa na mfadhili.

Watasema: familia ikiachiwa pori itauza mvule wote kwa wapasua mbao kabla ya mwaka kuisha, hasa karibu na machimbo ya dhahabu ya Salamabila. Wapo watakaouza. Lakini tazama Finland, ambako familia zinamiliki kama asilimia 60 ya misitu. Sheria ya mwaka 1950 ilivipa vyama vya wenye misitu msingi wa kisheria, na kwa zaidi ya nusu karne wenye misitu walitozwa ada ya kumlipa mtaalamu wa chama. Wafini walikuwa na hati, benki na barabara, mambo yaliyo haba Kabambare, na nchi haiigwi kama nguo. Linalohamishika ni hesabu moja ndogo: mtaalamu alikula mkate wa mwenye msitu, hivyo alipokosea aliulizwa na mwenye msitu. Wanaoandaa mipango ya Kasongo wangeanzia hapo kabla ya ramani: magunia mangapi ya mpunga yanatosha mshahara wa mpimaji mmoja kwa msimu, yatoke ghala la nani, na nani atakayesimama mbele ya baraza la wazee kumwambia mpimaji huyo kwamba mstari wake umekata michikichi ya watu.