Kuhamia Guangzhou: Nyaraka, sheria na maisha ya Mtanzania katika jiji la China

Na Mwandishi Wetu, Bagamoyo

Kwa wakazi wa kata ya Makurunge, wilayani Bagamoyo, China si nchi ya kusikika tu. Makandarasi wa Kichina wamehusika katika ujenzi wa baadhi ya vipande vya barabara ya Bagamoyo – Makurunge – Saadani – Tanga, na katika magofu ya Kaole, umbali mfupi kutoka Bagamoyo mjini, vimehifadhiwa vyombo vya kauri vilivyofika pwani hii kutoka China karne nyingi kabla ya ujenzi huo. Katika miaka ya 1960 vijana wa Kitanzania walipelekwa China kujifunza sarakasi, sanaa ambayo hadi leo ina wafuasi wengi Bagamoyo. Kinachobadilika sasa ni idadi ya wananchi wa kawaida, wakiwamo wanafunzi, wafanyabiashara na wasanii, wanaokusudia kwenda kuishi huko kwa miaka na si kwa siku chache.

Makala haya yanahusu zaidi Guangzhou, makao makuu ya jimbo la Guangdong kusini mwa China, kwa kuwa ndilo jiji linalofahamika zaidi kwa wafanyabiashara wa Kariakoo na ndilo ambalo Shirika la Ndege Tanzania (ATCL) limekuwa likifanyia safari za moja kwa moja kutoka Dar es Salaam. Sheria zinazoelezwa hapa, hata hivyo, ni za nchi nzima ya China bara.

Jambo moja linapaswa kufahamika mapema. Katika jiji la China, haki ya mgeni kuishi, kufanya kazi, kupanga nyumba na hata kufungua akaunti ya benki hutegemea aina ya viza iliyobandikwa katika pasipoti yake. Viza hiyo huombwa kabla ya safari, na kuibadilisha baada ya kufika ni jambo gumu. Watanzania wengi wanaopata matatizo huko waliondoka nyumbani na viza isiyolingana na shughuli waliyokusudia kuifanya.

Viza na shughuli zake

China hutofautisha viza kwa herufi. Herufi M ni ya biashara, yaani kwa mtu anayekwenda kununua bidhaa, kukagua viwanda au kuhudhuria maonesho. Herufi X1 ni ya mwanafunzi atakayesoma kwa zaidi ya siku 180, na X2 ni ya masomo ya muda mfupi zaidi ya huo. Herufi Z ni ya kazi. L ni ya utalii, S ni ya ndugu wa mgeni anayeishi China kwa kazi au masomo, na Q ni ya ndugu wa raia wa China au wa mgeni mwenye ukaazi wa kudumu.

Viza ya Z ndiyo inayohitaji uangalifu mkubwa. Mwajiri aliyeko China ndiye anayeanza mchakato kwa kuomba taarifa ya kibali cha kazi kutoka mamlaka za nchi hiyo, na taarifa hiyo ndiyo humwezesha mwombaji kuomba viza katika Ubalozi wa China jijini Dar es Salaam. Tangu Aprili 2017 China imekuwa ikiwapanga wafanyakazi wa kigeni katika makundi matatu, A, B na C. Watu wengi wenye taaluma huangukia kundi B, ambalo kwa kawaida hudai shahada ya kwanza, uzoefu wa kazi wa miaka 2 na umri usiozidi miaka 60. Kwa hiyo, ahadi ya kazi ya kiwandani au ya usafi kwa kijana mwenye elimu ya kidato cha nne ni ahadi ya kutiliwa shaka tangu mwanzo. China yenyewe ina nguvukazi kubwa, na mfumo wake wa vibali haukujengwa kwa ajili ya kuajiri vibarua kutoka nje.

Ahadi ya kufundisha Kiingereza katika shule za chekechea nayo imewaponza wengi. Kwa kawaida vibali vya kazi hiyo hutolewa kwa raia wa nchi ambazo Kiingereza ndiyo lugha ya kwanza. Mtanzania anayefundisha akiwa na viza ya biashara au ya masomo anafanya kazi kinyume cha sheria, hata kama shule inamlipa kwa wakati na kumthamini. Sheria ya China ya Usimamizi wa Kuingia na Kutoka Nchini, iliyoanza kutumika Julai 1, 2013, inaweka faini ya yuan 5,000 hadi 20,000 kwa mgeni anayefanya kazi bila kibali, na makosa mazito huongezewa kizuizi cha siku 5 hadi 15. Anayefukuzwa nchini humo kwa amri rasmi haruhusiwi kurejea kwa miaka 10.

Wasanii nao hawako nje ya utaratibu huu. Kikundi cha ngoma au sarakasi kinachokwenda kutumbuiza kwa malipo katika hoteli au bustani za burudani kinafanya kazi, na kinahitaji viza ya kazi pamoja na kibali cha Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA) kabla ya kuondoka. Mwandaaji anayewaambia wasanii kwamba viza ya utalii inatosha kwa miezi ya kwanza anawaingiza katika kosa ambalo wao ndio watakaoadhibiwa.

Mawakala

Utafutaji wa kazi nje ya nchi unasimamiwa na Serikali kupitia Ofisi ya Kamishna wa Kazi na Wakala wa Huduma za Ajira Tanzania (TaESA). Wakala binafsi anatakiwa kuwa na leseni, na mwananchi ana haki ya kuomba kuiona na kuihakiki. Wakala anayetaka kukaa na pasipoti ya msafiri, anayekataa kuonesha mkataba wa ajira kabla ya safari, au anayesema viza "itarekebishwa huko huko" anapaswa kuripotiwa Polisi. Sheria ya Kuzuia Biashara Haramu ya Kusafirisha Binadamu ya mwaka 2008 inamhusu pia mtu anayemsafirisha mwenzake kwa udanganyifu kwa lengo la kumnyonya, hata kama msafiri mwenyewe alikubali kuondoka.

Nyaraka za kuandaa nyumbani

Pasipoti huombwa Idara ya Uhamiaji, na kwa wakazi wa mkoa wa Pwani ofisi ya mkoa ipo Kibaha. Mwombaji huhitaji cheti cha kuzaliwa na kitambulisho cha Taifa, na majina katika nyaraka hizo yanapaswa kufanana herufi kwa herufi. Mtu aliyeandikwa Mwanahamisi katika cheti kimoja na Mwanamisi katika kingine atapata usumbufu, na usumbufu huo ni nafuu kuumaliza Bagamoyo kuliko Guangzhou. Vyeti vya elimu, cheti cha ndoa na taarifa ya Polisi ya kutokuwa na rekodi ya uhalifu, pale vinapohitajika, huthibitishwa na Wizara ya Mambo ya Nje na Ushirikiano wa Afrika Mashariki na kisha na Ubalozi wa China.

Mwanafunzi anayekwenda kusoma shahada anashauriwa kuuliza Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) kama chuo na programu husika vinatambuliwa. Swali hilo huchukua muda mfupi tu, ilhali waliolikwepa wamerudi na vyeti visivyowapa ajira. Wenye ufadhili wa Serikali ya China husamehewa ada, hupewa malazi na posho ya mwezi ya yuan 2,500 kwa shahada ya kwanza, 3,000 kwa umahiri na 3,500 kwa uzamivu. Posho hiyo humtosha mtu mwenye kiasi. Haitoshi kutuma fedha nyumbani kila mwezi, na wazazi waelezwe hivyo mapema. Mwanafunzi haruhusiwi kufanya kazi nje ya chuo bila idhini ya chuo na alama maalum katika kibali chake cha ukaazi.

Saa 24 za kwanza

Mgeni anayelala hotelini husajiliwa polisi na hoteli yenyewe. Anayelala kwingine, iwe ni nyumba ya kupanga au kwa ndugu, anatakiwa yeye au mwenyeji wake kusajili makazi hayo katika kituo cha polisi cha eneo husika ndani ya saa 24 tangu alipofika. Huchukuliwa pasipoti, mkataba wa pango na nakala za nyaraka za mwenye nyumba. Asiyejisajili hupewa onyo na anaweza kutozwa faini isiyozidi yuan 2,000. Usajili huo si wa mara moja, kwani hurudiwa kila mtu anapohamia nyumba nyingine. Ni busara kuurudia pia baada ya kurejea kutoka nje ya nchi au kupata pasipoti mpya.

Kwa wenye viza za X1 na Z, siku 30 za kwanza ni za kuomba kibali cha ukaazi, na bila usajili wa polisi ombi hilo halipokelewi. Anayetaka kuongeza muda wa viza aombe angalau siku 7 kabla haujaisha. Kibali cha ukaazi huombewa nyongeza siku 30 kabla. Kupitiliza muda hugharimu yuan 500 kwa kila siku katika makosa mazito, hadi kikomo cha yuan 10,000, au kizuizi cha siku 5 hadi 15. Msafiri aliye na viza ya kuingia mara moja akumbuke pia kwamba kwenda Hong Kong au Macao ni kutoka China bara. Wapo waliokwenda kutembea Hong Kong kwa siku moja na kushindwa kurudi kwenye mizigo yao.

Mtoto wa wageni akizaliwa China, wazazi wanatakiwa kumsajili polisi ndani ya siku 60. Kuzaliwa huko pekee hakumpi uraia wa China.

Kupanga nyumba

Guangzhou ilihesabiwa kuwa na watu zaidi ya milioni 18 katika sensa ya mwaka 2020. Waafrika wengi wamezoea maeneo ya Xiaobei, wilayani Yuexiu, na Sanyuanli, yaliyo karibu na masoko ya jumla. Bei za hoteli hupanda wakati wa Maonesho ya Canton, yanayofanyika tangu mwaka 1957 na ambayo kwa sasa huanza katikati ya Aprili na katikati ya Oktoba. Anayetafuta nyumba aepuke majira hayo.

Si kila mwenye nyumba hukubali mpangaji mgeni, na jambo hilo lisimshangaze mtu. Aprili 2020, wakati wa janga la UVIKO-19, baadhi ya Waafrika jijini humo walitolewa katika nyumba na hoteli, wakiwamo wenye nyaraka kamili. Mabalozi wa nchi za Afrika mjini Beijing waliwasilisha malalamiko rasmi kwa Serikali ya China. Nyaraka hazikumkinga kila mtu, lakini mwenye mkataba wa pango na karatasi ya usajili wa polisi alikuwa na cha kumwonesha balozi wake, na asiye navyo hakuwa na pa kuanzia.

Fedha, simu na lugha

Aliyezoea kulipa kwa simu Bagamoyo hatapata shida ya mazoea. Karibu kila malipo Guangzhou hufanywa kwa WeChat au Alipay, kuanzia mboga sokoni hadi nauli ya treni ya chini ya ardhi. Tangu mwaka 2023 imekuwa rahisi zaidi kwa wageni kuunganisha kadi za Visa na Mastercard na programu hizo. Akaunti ya WeChat ifunguliwe kabla ya safari, kwa kuwa mara nyingi huhitaji kuthibitishwa na mtumiaji mwingine. WhatsApp, Facebook na Google hazipatikani katika mtandao wa kawaida wa China bara, hivyo familia iliyobaki Makurunge nayo iwekewe WeChat ili isidhani mtoto wao amepotea. Tofauti ya saa ni 5: saa mbili usiku Bagamoyo ni saa saba usiku Guangzhou.

Lugha rasmi ni Kimandarini, ingawa wenyeji wa Guangdong huzungumza pia Kikantoni. Kiingereza hakitoshi polisi, hospitalini wala kwa mwenye nyumba. Taasisi za Confucius katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu cha Dodoma hufundisha Kichina, na miezi michache ya darasa humwondolea mtu utegemezi wa wakalimani wa mitaani.

Kwa ibada, Waislamu wa pwani watakuta Msikiti wa Huaisheng, mmoja wa misikiti mikongwe kabisa nchini China, na Wakatoliki watakuta Kanisa Kuu la Moyo Mtakatifu lililojengwa kwa mawe katika karne ya 19. Shughuli za dini hufanywa katika maeneo yaliyoidhinishwa. Kuhubiri mitaani au kukusanya waumini nyumbani kunaweza kumtia mgeni matatani.

Mizigo ya watu

Sheria ya Jinai ya China inaruhusu kifungo cha miaka 15, kifungo cha maisha au adhabu ya kifo kwa anayesafirisha gramu 50 au zaidi za heroini. Wapo Watanzania waliofungwa China bara na Hong Kong kwa makosa ya dawa za kulevya, na wapo waliosema begi halikuwa lao. Mahakama huanza na ukweli kwamba begi lilikuwa mikononi mwao. Msafiri asipokee mzigo asioufungasha mwenyewe, hata ukitoka kwa jirani, na hata ukiitwa dawa za kienyeji za mgonjwa. Pembe za ndovu, magamba ya kakakuona na magamba ya kasa navyo havibebwi. China ilipiga marufuku biashara ya pembe za ndovu ndani ya nchi mwishoni mwa mwaka 2017.

Msaada wa Serikali

Tanzania ina Ubalozi Beijing na Ubalozi Mdogo Guangzhou. Mwananchi anashauriwa kujiandikisha huko mara anapowasili na kuacha jina la ndugu wa kuwasiliana naye nyumbani. Maofisa wa ubalozi huweza kumtembelea Mtanzania aliyekamatwa, kuwasiliana na familia yake na kushughulikia hati ya dharura ya safari kwa aliyepoteza pasipoti. Hawana mamlaka ya kufuta kesi wala kubadilisha hukumu. Kwa dharura nchini China, namba ya polisi ni 110, zimamoto 119 na gari la wagonjwa 120.