Kusafirisha sampuli za RNA bila barafu

Mwaka 2020 madereva wengi wa malori walikwama kwenye foleni za Malaba na Busia wakisubiri majibu ya vipimo vya Korona. Vipimo vile vilitafuta RNA, yaani vinasaba vya kirusi. Sampuli ya majimaji ilitakiwa kutunzwa kwenye nyuzi joto 2 hadi 8 na kupimwa ndani ya saa 72. RNA ikiharibika njiani, mgonjwa anaweza kuambiwa hana virusi wakati anavyo.

Zipo njia zisizohitaji barafu. Iliyozoeleka katika kupima wingi wa virusi vya UKIMWI ni kukausha matone ya damu kwenye kadi maalumu ya karatasi. Kadi hukaushwa kivulini kwa saa kadhaa, ikiwezekana usiku kucha, kisha hufungwa katika mfuko wa plastiki usiopitisha hewa pamoja na vifuko vya kunyonya unyevu na kikadi cha kuonyesha unyevu. Kikadi kikigeuka kutoka bluu kuwa pinki, vifuko vibadilishwe. Kadi iliyofungwa hivyo huvumilia joto la kawaida kwa takriban wiki 2. Lakini dashibodi ya lori lililoegeshwa juani si joto la kawaida, na pwani unyevu huharibu kadi upesi kuliko wengi wanavyodhani.

Kwa vipande vya nyama ya mwili ipo dawa ya maji iitwayo RNAlater, ambayo hutunza RNA wiki 1 kwenye nyuzi 25 lakini siku 1 tu kwenye nyuzi 37. Mirija ya damu ya PAXgene huhimili siku 3 kwenye nyuzi 18 hadi 25. Siku huhesabiwa tangu sampuli ilipotolewa, si tangu gari lilipoondoka.

Sampuli za majimaji zinazoweza kuwa na vijidudu hufungwa tabaka tatu: chombo kisichovuja, cha pili chenye kitu cha kufyonza, na boksi gumu lenye alama ya UN3373. RNAlater isichukuliwe kuwa imeua virusi. Matone ya damu yaliyokauka hayamo katika masharti hayo ya bidhaa za hatari, jambo linalopunguza gharama. Pia humwepusha dereva na barafu kavu, ambayo gesi yake inaweza kumkosesha pumzi ndani ya gari lililofungwa.

Kibali cha kutoa sampuli nchini kiwe mkononi mwa wakala wa forodha kabla mzigo haujafika mpakani.