Neno "Kibali" na Mkutano wa Uwanjani

Sekenke, katika wilaya ya Iramba, yajulikana na wanahistoria kwa dhahabu yake, ambayo Wajerumani waliigeuza sarafu huko Tabora mwaka 1916. Hapa twatafuta neno tu. Mtu wa huko atakaye kukusanya watu uwanjani husema, kama wasemavyo wengi nchini, kwamba anakwenda polisi "kuomba kibali".

Neno hili ni ndugu wa "kukubali", na asili yao ni Kiarabu. Katika Biblia ya Kiswahili Esta hupata kibali machoni pa watu, yaani upendeleo, jambo ambalo mpewa hana haki ya kulidai. Ndivyo ilivyokuwa chini ya sheria ya polisi iliyorithiwa kwa Waingereza: bila ruhusa ya afisa hapakuwa na mkutano. Mwaka 1994, katika Mahakama Kuu huko Dodoma, Jaji Lugakingira aliamua, katika shauri la Mchungaji Mtikila, kwamba sharti hilo lapingana na ibara ya 20 ya Katiba. Sheria ya Polisi, kama ilivyochapishwa mwaka 2002, yadai taarifa, saa 48 kabla ya mkutano, ingawa afisa aweza kuuzuia kwa ajili ya usalama.

Mtoa taarifa huarifu kisha akajiandaa. Mwomba kibali hukaa akingoja jibu. Nadhani neno lililobaki vinywani lilisaidia desturi ya kale kudumu: toka mwaka 2016 hata Januari 2023, vyama vya siasa vilizuiwa kufanya mikutano ya hadhara, na sheria ya taarifa ilikuwapo muda wote huo.