Sanduku la barua la nyumbani: mlitumia la nani?

Wadau, kwetu Rungwe vijijini barua haikuletwa mlangoni. Tangu Wajerumani walipoiita Tukuyu Neu Langenburg, hadi posta ya Afrika Mashariki iliyovunjika na Jumuiya 1977, na Shirika la Posta Tanzania lililoanza 1994, barua iliishia mjini kwenye sanduku. Kukodi la kwako ni hela, hivyo wengi walichagua la kuazima: S.L.P. ya shule, kanisa au ushirika. Hapo ndo kazi! Mwenye ufunguo akisahau barua ya mtoto kuitwa sekondari wiki mbili mezani, nafasi imeota mbawa. Ndo maana wazee walimchagua kwanza mtu, sanduku baadaye. 2022 nyumba zilipewa namba na mitaa majina. Kwenu mlimwamini nani?