Likeni bapa: fizi zinazochubuka bila fangasi

Mtu wa Mjimwema, Songea, akilalamika kwamba fizi zinawaka moto kila akila pilipili au ndimu, nyumbani ataambiwa ni kiseyeye au fangasi. Mara nyingi tatizo ni ukoga wa meno tu. Lakini upo ugonjwa mwingine, adimu hasa unaposhika fizi peke yake, ambao jina lake la kitabibu ni lichen planus. Hapa tutauita likeni bapa.

Jina la asili lilitolewa mwaka 1869 na Erasmus Wilson, daktari wa ngozi wa London. Neno la kwanza, lenye asili ya Kigiriki, ndilo pia jina la viumbe wa kijivu wanaoganda kwenye magome na mawe. La pili ni Kilatini, maana yake bapa. Wilson alikuwa akieleza vipele vidogo, bapa, vinavyong'aa na kuwasha, aghalabu kwenye vifundo vya mikono na miguu. Vitabu vingi husema vina rangi ya zambarau. Kwenye ngozi nyeusi huwa kahawia iliyokoza au kijivu, na vikipona huacha madoa meusi ya muda mrefu.

Kinywani sura ni nyingine. Ndani ya mashavu hutokea mistari myeupe iliyofumana kama wavu wa dagaa. Inaitwa mistari ya Wickham, kwa jina la daktari Mfaransa aliyeieleza mwaka 1895. Fizi nazo huwa nyekundu, huchubuka na kutoa damu. Kusafisha meno husaidia lakini hakumalizi. Chanzo ni chembe za kinga kushambulia tabaka la chini la utando wa kinywa. Ugonjwa huu hauambukizi. Baadhi ya dawa, na wakati mwingine madini ya kuzibia meno, huweza kuleta hali inayofanana nao.

Kwa kuwa kiumbe yule wa magomeni ni muungano wa kuvu na mwani, mfasiri anaweza kushawishika kuandika "kuvu bapa". Hapo angempotosha mgonjwa. Kuvu ya kinywani ndiyo fangasi, na wengi wakiisikia huwaza Virusi vya UKIMWI. Mgonjwa atatumia nistatini, dawa ya fangasi, bure na kubeba hofu isiyo yake. Isitoshe, utandu wa fangasi kwa kawaida hufutika kwa kitambaa. Mistari ya Wickham haifutiki. Ndiyo maana neno la kwanza ni afadhali litoholewe, na la pili litafsiriwe, kwani bapa tunalo.

Tahadhari nyingine: "fizi zinazochubuka" ni dalili, si ugonjwa. Pemfigasi na pemfigoidi, magonjwa ya malengelenge, huzichubua vilevile. Mhudumu wa kituo cha afya akiandika dalili hiyo kwenye karatasi ya rufaa kwenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa iliyopo Songea, HOMSO, atakuwa ameandika sawasawa. Jina la ugonjwa lingoje kipande kidogo cha ufizi kikatwe na kupimwa kwa hadubini.

Likeni bapa ya kinywa hutulizwa kwa dawa za kupaka au kusukutua za jamii ya steroidi. Hakuna dawa ya kuing'oa kabisa. Mgonjwa huchunguzwa mara kwa mara kwa miaka, maana takriban mmoja kati ya mia huja kupata saratani ya kinywa. Na steroidi hizohizo huweza kualika fangasi kinywani. Siku hiyo daktari atakuwa na magonjwa mawili katika kinywa kimoja, mmoja wa kumaliza kwa nistatini na mwingine wa kuendelea kuutuliza. Kama yote mawili yanaitwa kuvu, atamwelezaje mgonjwa upi umepona?